Trespass: deni lililogeuzwa jinai

Wakristo wanaosali Sala ya Bwana kwa Kiingereza hawajawahi kukubaliana wanaomba kusamehewa nini. William Tyndale, katika Agano Jipya lake la 1526, aliandika trespass, na Kitabu cha Sala cha Kianglikana cha 1549 kikalishika neno hilo. Biblia ya Mfalme James ya 1611 ikaweka madeni kwenye Mathayo 6:12, na Wapresbiteri wa Uskoti wanasali madeni hadi leo. Trespass liliingia Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale, likiwa na maana ya kupita ng'ambo ya kitu. Wafaransa wenyewe wamebaki nalo kwa maana ya kufariki. Waumini hawakuona taabu kuliweka neno hilo na deni mahali pamoja, nami naona walikuwa karibu na ukweli kuliko wabunge wengi waliokuja baadaye. Neno hilo ni la mahakamani pia, na kwa sehemu kubwa ya historia yake huko, anayevuka mpaka wa mwenzake alidaiwa fidia. Kumfunga kwa kuvuka tu ni jambo jipya.

Katika karne ya 13, trespass lilikuwa jina la dai lililopelekwa mbele ya majaji wa mfalme, nalo lilibeba kipigo, uharibifu wa mali na uvamizi wa shamba kwa pamoja. Ili dai lipokelewe huko, mlalamikaji alipaswa kueleza kwamba kosa lilitendwa kwa nguvu na silaha, kinyume cha amani ya mfalme. Watu wakajifunza kuyasema maneno hayo hata pasipo silaha. Mwaka 1317 mnunuzi mmoja, Rattlesdene, alidai kwamba waliomuuzia pipa la divai waliichota sehemu kubwa na kulijaza maji ya chumvi, tena kwa panga, pinde na mishale! Hakuna anayehitaji upinde ili kuchakachua divai. Wanahistoria wa sheria wanashuku palikuwa na ajali tu ya usafirishaji. Lakini bila mishale ile ya kwenye karatasi, Rattlesdene asingepata mlango wa kudai fidia yake.

Atakayepinga ana hoja nzuri: aliyeshindwa katika dai kama hilo alitozwa pia faini ya mfalme, na angeweza kukamatwa mpaka ailipe. Ni kweli, jinai ilikuwamo tangu mwanzo. Lakini Waingereza waliibandua kidogo kidogo, na mwishoni mwa karne ya 17 faini hiyo ikafutwa. Kilichobaki ni dai kati ya mtu na mtu, nalo halikuwa dhaifu hata kidogo. Novemba 1762 wajumbe wa serikali waliingia nyumbani kwa mwandishi John Entick, wakavunja makufuli na kupekua karatasi zake kwa saa nne. Entick aliwashtaki kwa trespass, akapewa fidia ya pauni 300. Katika hukumu ya 1765, Jaji Camden alisema kwamba hata kukanyaga majani ya mtu bila idhini ni trespass, na aliyeingia ndiye mwenye kuonyesha sheria inayomruhusu.

Kesi hiyo hutumiwa na wanaotaka mipaka ilindwe kwa ukali, kwa hofu kwamba bila hivyo mnyonge hana pa kujificha. Mimi nasoma humo jambo jingine: nyumba ya mnyonge ililindwa dhidi ya dola yenyewe, na hakuna aliyefungwa. Ndiyo maana vibao vya Uingereza vilivyotishia kuwashtaki wapitaji vilitishia adhabu ambayo sheria haikuitoa, isipokuwa sehemu chache kama njia za reli. Aprili 24, 1932, mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi kutoka Manchester, walipanda mlima Kinder Scout, huko Derbyshire, uliofungwa kwa ajili ya uwindaji wa ndege wa matajiri. Watano walifungwa, akiwemo mmoja wa viongozi wao, Benny Rothman, aliyepewa miezi minne, lakini kwa makosa ya ghasia na kushambulia, kwa kuwa kuingia peke yake hakukuwa jinai.

Afrika Mashariki ilipewa sura nyingine ya neno hilohilo. Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860 ilikuwa na kosa la kuingia kwa jinai, na kanuni zilizoandikwa kwa ajili ya Kenya, Uganda na Tanganyika mwaka 1930 zikawa nalo: kuingia katika mali ya mwingine kwa nia ya kutenda kosa, kutisha, kutukana au kuudhi. Kuudhi! Mwingereza aliyeudhiwa na mpita njia shambani kwake Derbyshire alipaswa kufungua kesi ya madai. Akiwa Nairobi, aliweza kuita polisi.

Sasa jinai imerudi Uingereza kwenyewe. Sheria ya huko ya 1994 iliunda kosa la trespass iliyozidishwa, ile ya 2012 ikawagusa wanaokalia nyumba za watu bila ruhusa, na ya 2022 ikawafikia wanaoishi ndani ya magari, jamii za Waroma na wasafiri wengine zikiwa za kwanza kuumia. Anayekataa kuondoka, ikionekana huenda akaleta uharibifu au adha kubwa, anaweza kufungwa hadi miezi mitatu, na polisi wana mamlaka ya kulichukua gari ambalo ndilo nyumba yake.