Uthabiti wa mteremko wenye tandiko

Uthabiti wa mteremko wenye tandiko ni hali ya udongo uliofunika tandiko la plastiki kutulia kwenye ubavu wa bwawa bila kuporomoka. Tandiko hilo wahandisi huliita jiomembreni. Mitaani ni nailoni tu. Katika ukanda wa Geita na Shinyanga huzuia maji ya mabwawa yasipotelee ardhini, na migodini huzuia maji yenye sianidi yasifike kwenye visima. Kwenye lambo, udongo wa juu hulikinga tandiko na jua, upepo na kwato za ng'ombe wanaoshuka kunywa.

Uthabiti si uimara. Plastiki inaweza kuwa imara, isichanike popote, na bado udongo ukaporomoka juu yake. Wala si suala la tuta kupasuka, kama lilivyopasuka la bwawa la tope katika mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, Novemba 2022. Hapa tuta liko salama; udhaifu uko pale udongo unapogusana na plastiki.

Kigezo cha usalama hupatikana kwa kugawa tanjenti ya pembe ya msuguano wa udongo na plastiki kwa tanjenti ya pembe ya mteremko. Ubavu unaopanda mita 1 kwa kila mita 3 una pembe ya nyuzi 18.4. Mchanga juu ya plastiki nyororo hushika kwa nyuzi 18 hivi: kigezo ni 0.97, chini ya 1, na udongo huteleza. Plastiki yenye uso wa kukwaruza, ikishika kwa nyuzi 26, hutoa 1.46, karibu na 1.5 inayotakiwa kwa kawaida.

Hesabu hiyo ni ya udongo mkavu. Ukijaa maji yanayotiririka kufuata mteremko, kigezo hushuka hadi karibu nusu, na ile 1.46 huwa kama 0.7. Hatari hiyo huja na mvua kubwa, au maji ya bwawa yanapopunguzwa haraka huku udongo ungali umelowa. Ndiyo maana udongo mweusi wa mbuga, ulio tele Shinyanga, haufai kufunikia: hupasuka kiangazi, hufura masika na huchelewa kuachia maji. Changarawe ndogo isiyo na ncha kali inafaa zaidi.

Udongo usambazwe kuanzia chini kwenda juu. Mtaro wa kufukia ukingo wa tandiko juu ya tuta hushikilia plastiki, lakini hauushikilii udongo.