Smith na Mshana

Kwa asili ya kazi, Smith na Mshana ni jina moja. Smith maana yake mhunzi. Washana ni ukoo wa wahunzi wa Ugweno, Upare Kaskazini, ambao simulizi za huko zinasema walitawala hadi ukoo wa Wasuya ulipowapindua. Lakini mtaje Smith mjini London, hakuna atakayewaza nyundo. Mtaje Mshana Upareni, mzee atataka kujua ni wa mlango gani wa ukoo.

Uingereza, jina lilihamia kitabuni. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliagiza kila parokia iandike ubatizo, ndoa na maziko yake, kitabu kikae ndani ya kasha la kufuli mbili: ufunguo mmoja kwa kasisi, mwingine kwa wazee wa kanisa. Mhunzi aliingia humo kama mkulima yeyote. Ufundi nao haukusubiri damu. Sheria ya 1563 ilidai miaka saba ya uanagenzi, na mtoto wa fukara parokia iliweza kumkabidhi kwa fundi, kwa huruma kidogo na zaidi kwa kuwapunguzia wanakijiji kodi.

Ugweno chuma kilikuwa cha ukoo. Mchanga wake uliokotwa mitoni, ukayeyushwa kwa makaa na mivukuto ya ngozi, na chuma kikafika hadi kwa Wachaga.

Kitabu cha kanisa cha Uingereza hakisemi mkono wa fundi ulifanya nini. Hilo tunalipata kwa George Sturt, aliyerithi karakana ya magurudumu ya babake mjini Farnham mwaka 1884, akaiandikia kitabu mwaka 1923 kazi hiyo ikiwa inazimika. Gurudumu la mbao lilifungwa kwa pete ya chuma iliyokatwa ndogo kusudi. Pete ilipashwa moto hadi ikatanuka, ikavishwa mbiombio huku mbao zikifuka moshi, kisha ikamwagiwa maji: shiii! Chuma kikasinyaa, viungo vikalia, spoki zikakaza kitovuni.

Sturt alijua hayo kwa kuuliza. Alikuwa mwalimu wa shule kabla babake hajafariki, na mafundi aliowalipa mshahara ndio waliomfundisha kazi yake mwenyewe. Nadhani Ugweno maswali ya namna hiyo yangetoka kwa mgeni. Mtoto wa Mshana alikuwa tayari kwenye mvukuto, anapuliza.