Viazi lishe: mkulima, mtaalamu wa lishe na mwoka mikate walivyokutana

Ukiona kiazi lishe, yaani kiazi kitamu chenye nyama ya rangi ya chungwa, sokoni Mwanza au Kampala, usidhani kimefika hapo kwa bahati. Nyuma yake kuna zaidi ya miaka ishirini ya watu wa fani mbalimbali kujifunza kufanya kazi pamoja.

Katika miaka ya 1990, upungufu wa vitamini A ulikuwa ukiwapofusha watoto wa Afrika na kuwadhoofisha mbele ya surua na kuhara. Hospitali zilitoa matone ya vitamini. Watafiti wa kilimo, kwa upande wao, walihesabu magunia kwa ekari. Kila upande ulikuwa na wizara yake na bajeti yake, na mtoto alikuwa katikati.

Magharibi mwa Kenya, Jan Low, mchumi wa kilimo kutoka Marekani, pamoja na wenzake wa Kituo cha Kimataifa cha Viazi na watafiti wa Kenya, walifanya jaribio la viazi vya rangi ya chungwa, vinavyoupa mwili vitamini A, na vikundi vya wanawake. Wengine walipewa marando tu, yaani vipande vya mashina vya kupandia. Wengine walipewa marando pamoja na mafunzo ya lishe na mapishi. Ni watoto wa kundi la pili walionufaika. Kwa maoni yangu, hapo ndipo historia yote ilipogeuka: mbegu peke yake haimlishi mtu.

Mwaka 2001 ukaanzishwa ushirika wa VITAA, uliowaweka meza moja watu wa kilimo, afya na lishe kutoka nchi kadhaa za Afrika. Kazi haikuwa nyepesi. Viazi vya rangi ya chungwa vya kigeni vilikuwa na majimaji, na watu wazima wa huku wanataka kiazi chenye unga. Huko Namulonge, Uganda, Robert Mwanga alizalisha mbegu zenye unga zinazostahimili virusi. Kabode na Vita zikaidhinishwa mwaka 2007. Nchini Msumbiji, Maria Andrade, mzaliwa wa Cape Verde, alipambana na ukame, na mwaka 2011 zikatolewa aina 15 zinazouvumilia.

Ushahidi mzito ulitoka Zambézia, Msumbiji. Wakulima walipata marando, akina mama wakafundishwa kulisha watoto, vibanda vya soko vikapakwa rangi ya chungwa, na waoka mikate wakabadilisha asilimia 38 ya unga wa ngano kwa viazi vilivyochemshwa na kupondwa. Mkate ukatoka wa rangi ya dhahabu, na mwoka mikate akapunguza gharama ya ngano inayoagizwa nje. Kisha watafiti wakapima damu ya watoto. Wenye kiwango cha chini cha vitamini A walishuka kutoka asilimia 60 hadi 38, wakati katika vijiji vya kulinganisha hali haikubadilika. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2007, na wafadhili waliokuwa wakisitasita wakafungua mikoba.

Mwaka 2009 ukaanza mpango mpana wa kuzifikia kaya milioni 10 barani kufikia mwaka 2020. Lengo halikutimia lote, ila zaidi ya kaya milioni 6 zilifikiwa. Mwaka 2016 Low, Mwanga, Andrade na Howarth Bouis, mchumi aliyeongoza juhudi za kurutubisha mazao kwa njia ya uzalishaji wa mbegu, walitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani.

Kanda ya Ziwa ya Tanzania ilikuwa na mradi wake, Marando Bora, uliogusa kidonda chenyewe. Kiangazi ni kirefu, mifugo inaachiwa mashambani, na mvua zikirudi mkulima hana cha kupanda. Wanaoishi karibu na bonde lenye maji huyatunza marando. Wengine wamefundishwa kuhifadhi viazi vidogo kwenye mchanga mkavu ndani ya beseni, kisha kuvipanda na kuvimwagilia wiki kadhaa kabla ya mvua ili vichipue marando mapya. Ni njia rahisi, haihitaji friji wala umeme, na inastahili kufika kila kijiji.

Tatizo ni kwamba mradi ukiisha, kitalu cha marando nacho hukauka. Halmashauri zetu zinapopanga bajeti, ziweke fungu la kudumu la vitalu vya marando safi, na maofisa kilimo na maofisa lishe waende kijijini kwa gari moja.