Vikapu vya Njombe na Deni Letu Watu wa Pwani

Safari hii hatukwenda Dubai kufuata mzigo. Tulivuka maji mpaka Dar es Salaam, tukapanda basi Mbezi alfajiri, na magharibi ikatukuta Makambako, kanga mbili mbili juu ya mabuibui na bado tunatetemeka. Sisi tuliozoea joto la Unguja tulikuwa hatujui baridi ya mji wa Njombe, ulio juu kiasi cha mita 2,000, ambako Juni na Julai umande huganda kwenye majani.

Tulikuwa wanne, sote mafundi cherehani wenye vibanda vyetu. Tulifuata vikapu vya milulu. Miaka kadhaa tumeviuza kwa wageni mjini, na mgeni akiuliza kama vimesukwa Zanzibar, tulikuwa tunatabasamu tu. Tabasamu lile ndilo lililotufanya tuandike haya.

Mwenyeji wetu alikuwa mwalimu mstaafu, Mbena, tuliyemwita baba tangu siku ya kwanza. Makambako alituonyesha njia panda: barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya, na ile inayokata kwenda Njombe na Songea. Hapo hapo pana stesheni ya TAZARA, reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975. Mji umekua kwa sababu ya wapitao. Akatuambia, "Wanangu, biashara huku haikuja na reli. Ilikuwepo zamani."

Kweli ilikuwepo. Wakinga na Wapangwa waliyeyusha chuma na kufua majembe, na jembe lilikuwa mali: lilitolewa mahari, lilibadilishwa kwa chakula na mifugo. Mpaka leo chuma kimejaa Liganga, wilaya ya Ludewa. Na nani asiyewajua Wakinga wa Kariakoo? Uchuuzi wao una mizizi mirefu.

Kutoka kwetu pwani kilikwenda kitambaa. Merikani, pamba nyeupe ya viwanda vya Marekani, iliingia Zanzibar kwa majahazi ya wafanyabiashara wa Salem tangu miaka ya 1830, ikapanda bara kwa misafara pamoja na kaniki na shanga. Mafundi kama sisi tungependa hadithi iishie hapo. Lakini misafara ilirudi na pembe za ndovu, na ilirudi na watu pia. Njia ya Kilwa na Ziwa Nyasa ililisha soko la Mkunazini mpaka Sultani Barghash alipolifunga mwaka 1873. Baba alilisema hili bila hasira, akitutazama machoni. Sisi ndio tuliotazama chini.

Kisha wakaja Wajerumani, na kodi ya nyumba mwaka 1898. Vita vya Maji Maji vilipowaka 1905, moto ulifika Ubena. Mwezi wa Septemba wapiganaji wa chifu Mbeyela walishambulia kituo cha misheni cha Yakobi, karibu na Njombe. Wajerumani walijibu kwa kuchoma vijiji na vyakula, na katika kusini nzima njaa iliua wengi kuliko risasi. Makadirio yanayotajwa sana ni watu laki mbili hadi laki tatu.

Walionusurika walidaiwa kodi vile vile, kwa hiyo wanaume wa Kibena wakatoka. Walikwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko, wakaitwa manamba, kwa sababu kila mtu alikuwa namba. Mwaka 1949 ilianzishwa kampuni ya miwati Njombe, ambayo magome yake hutoa dawa ya kutengenezea ngozi. Wengine wakapata kazi karibu na nyumbani. Lakini kwa miaka mingi nyumba ilisimamiwa na mwanamke: alilima kwenye miteremko, alilima vinyungu mabondeni, na mikono ilipopumzika jembe, ilisuka.

Sokoni Njombe tulimkuta bibi mmoja na vikapu sita kando ya matenga ya mianzi na mafungu ya viazi. Alitusalimu "Kamwene", tukamjibu kwa shikamoo. Tukaanza kupatana bei kama tunavyofanya Darajani, tukamshusha mpaka karibu nusu. Bibi hakusema neno. Alikunja noti, akafunga kwenye pindo la kitenge.

Mchana baba akatupeleka bondeni kwa wasukaji wengine. Tukaona milulu inakatwa majini kwenye baridi ile, inaanikwa, inachanwa, mingine inatiwa rangi, kisha inasukwa raundi kwa raundi, mkazo ule ule kuanzia kitako mpaka mdomo. Mama zetu wamesuka mikeka ya ukindu, tunajua mgongo unavyouma. Kikapu kimoja ni kazi ya siku kadhaa.

Tulirudi sokoni mbio. Bibi alikuwa ameshaondoka, na waliokuwa jirani yake hawakujua kijiji chake. Tulibaki na vikapu sita na aibu.

Sote tumesoma Suratul Mutaffifin tangu chuoni, tukidhani ni ya wenye mizani tu. Kumbe hata asiye na mizani anaweza kupunja. Ile tofauti ya bei tuliitoa sadaka Njombe kwa niaba yake, na hatusemi kuwa tumelipa. Deni ni lake, sadaka ni yetu.

Sasa kila kikapu dukani kina kijikaratasi: "Kimesukwa na wanawake wa Njombe." Mgeni akiuliza, tunamweleza. Wengine huweka chini wakatafuta cha Zanzibar. Sawa. Tukijaaliwa, tutarudi msimu ujao, na kabla ya mzigo tutamtafuta bibi.