Kelele Isiyojibiwa

Bibi yeyote wa Handeni au Korogwe anajua kwamba mtoto hadeki pasipo mtu wa kumdekea. Wataalamu wa saikolojia walilifikia jambo hilo kwa njia ndefu zaidi. Huko Urusi, Pavlov aliona kuwa mbwa akipewa mara nyingi ile ishara ya chakula bila chakula chenyewe, mate humkauka. Katika kitabu chake cha mwaka 1938, Mmarekani B. F. Skinner alieleza habari za panya aliyezoea kubonyeza kijiti ili apate chakula. Aliponyimwa, aliacha polepole. Kitendo kisicholipwa huzimika.

Mwaka 1959 C. D. Williams alitoa habari za mtoto wa miezi 21 aliyelia kila alipolazwa, hadi mkubwa mmoja akae naye chumbani. Wazazi wakaacha kurudi. Usiku wa kwanza alilia dakika 45. Kufika usiku wa kumi alikuwa akitabasamu. Kisha shangazi akamwonea huruma, akarudi chumbani, na kilio kikafufuka. Ikabidi waanze upya. Huyo shangazi ndiye anayenifundisha zaidi katika habari yote.

Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, mpango wa UPE ulijaza madarasa yetu. Vijana waliomaliza darasa la saba walijifunza ualimu huku wakifundisha vijijini. Nilipokuwa nikikagua mazoezi ya kufundisha, wimbo ulikuwa mmoja kila shule: vidole vinaalikwa, "Mimi mwalimu! Mimi!", na mwalimu anamchagua mwenye sauti kubwa ili apumue. Tuliwaambia wanachuo wasimtazame huyo mpaka anyooshe mkono kimya, na akinyoosha tu, wamwite palepale. Siku za mwanzo kelele huzidi. Mtoto hupanda hata juu ya dawati. Anayeshindwa siku ya tatu amemfundisha kupiga kelele kwa muda mrefu zaidi.

Lakini mwalimu huweza kuzuia macho yake tu. Kicheko cha watoto sabini hakizuii, na kwa mtundu kicheko ni mshahara. Ndiyo maana fimbo ilipendwa: ni ya haraka. Kanuni za mwaka 2002 zilisema viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Sijaona kanuni inayotaja kwamba wapo watoto ambao jina lao hutajwa na mwalimu siku ya kuchapwa tu.

Na si kila kelele ya kunyamaziwa. Katika shule moja ya Handeni mtoto alilia kila siku ifikapo saa nne, na mwalimu wake, mwanafunzi mwema wa somo letu, alimpuuza wiki nzima. Alipoulizwa, mtoto alisema kwao hupika jioni tu.