Kuandika na Kuandikwa: Kutoka Daftari hadi Kishikwambi Kandokando ya Ziwa Mweru



Mwezi wa Agosti 2022 makarani wa sensa nchini Zambia walitoka kuhesabu watu wakiwa na vishikwambi mikononi. Katika sensa iliyotangulia, ya mwaka 2010, majibu yalijazwa katika madodoso ya karatasi. Mwezi huohuo wa Agosti Tanzania nayo ilifanya sensa yake kwa vifaa vya aina hiyo, ikahesabu watu 61,741,120. Hapo ndipo neno kishikwambi, ambalo wengi walikuwa hawajalizoea, lilipoenea vinywani mwa watu. Baada ya sensa, Serikali ya Tanzania iliwagawia walimu vishikwambi hivyo, na hivyo kifaa kilichokuwa cha kuhesabia watu kikawa cha kufundishia.

Nakuomba uielekeze akili yako Nchelenge, wilaya ya Mkoa wa Luapula iliyo kwenye mwambao wa mashariki wa Ziwa Mweru. Ng'ambo ya pili ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Katikati ya maji kuna visiwa vinavyokaliwa na watu, kikiwemo Kisiwa cha Kilwa, nao wavuvi huhama kambi kufuata samaki. Kumwandika mtu mahali kama hapo ni kazi ya safarini: hufanyika ndani ya mtumbwi, chini ya mti, au kizingitini pa nyumba ambayo pengine haina umeme. Kishikwambi kimeirahisisha kazi hiyo, lakini si kishikwambi kilichoianzisha. Watu wamekuwa wakiandika safarini katika nchi hii kwa zaidi ya miaka 200. Swali ninalotaka tulijibu pamoja ni hili: kinachoandikwa huenda wapi, na je, humrudia aliyeandikwa?

Wewe unayejifunza Kiswahili unajua kwamba kitenzi kimoja huzaa vingi. Kuandika si sawa na kuandikwa, wala kuandikwa si sawa na kujiandikia. Historia ya Mweru inaweza kusomwa kwa kufuata mizunguko ya kitenzi hicho kimoja.

Tuanze na kuandika. Kusini mwa Nchelenge, katika bonde la Mto Luapula, kuna makao ya Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda wa mashariki. Mwaka 1798 Mreno Francisco de Lacerda alifika huko kutoka Tete, katika bonde la Zambezi, akafia karibu na mji wa mfalme. Mwaka 1806 walifika wasafiri wawili Waafrika waliotumwa na Wareno kutoka Angola, Pedro João Baptista na Amaro José. Walizuiliwa kwa Kazembe kwa miaka kadhaa, wakafika Tete mwaka 1811. Baptista aliandika kumbukumbu za safari hiyo. Kwa hiyo, usidhani kwamba kalamu ya safarini ilikuwa mali ya Wazungu peke yao.

Tarehe 8 Novemba 1867 David Livingstone aliuona Ziwa Mweru. Njia yake ya kufanya kazi inafaa kuchunguzwa. Njiani alikuwa na madaftari madogo, ambamo aliandika kwa penseli vipimo, majina ya mito na maneno aliyoambiwa. Alipopata kituo, alihamisha habari hizo katika kitabu kikubwa cha shajara. Hivyo jambo lile lile lilikuwa na nakala mbili: moja ya haraka, nyingine safi. Mtu anayejaza fomu katika kishikwambi asubuhi, kisha jioni akaituma kwenye seva, anafuata desturi hiyohiyo.

Akiwa katika mji wa Kazembe, Livingstone alikutana na Mohamad bin Saleh, mfanyabiashara aliyekuwa amekaa huko miaka mingi bila ruhusa ya kuondoka. Kukutana huko kunatukumbusha kwamba Kiswahili kilifika Luapula mapema, kikibebwa na misafara ya pembe za ndovu na, kwa huzuni, ya watumwa.

Maji ya Mweru hutokea kaskazini, kwenye mji wa Pweto, yakawa Mto Luvua, nao Luvua huingia Lualaba. Livingstone aliyafuata maji hayo kwa kutumaini kwamba yangempeleka Nile. Mwaka 1871 alikuwa Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba, na karatasi zilikuwa zimemwishia. Akachukua gazeti la kale la London, akaandika kwa kuyakata mistari yaliyochapwa, akitumia wino uliotengenezwa kwa mbegu za mmea. Katika kurasa hizo aliandika habari za tarehe 15 Julai 1871, siku ambayo watu wa wafanyabiashara wa utumwa waliwafyatulia risasi wanunuzi na wauzaji sokoni, wengi wao wakiwa wanawake.

Wino ule ulififia hata kurasa zikawa karibu hazisomeki. Mwaka 2011 watafiti wakiongozwa na Adrian Wisnicki walizitoa kwenye intaneti baada ya kuzipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, wakiyatenganisha maandishi ya mkono na maandishi ya gazeti. Ilionekana kwamba maneno ya papo hapo hayakulingana kila mahali na nakala safi aliyoiandaa baadaye. Hapa pana funzo kwa kila mtu anayeandika safarini: nakala safi ina faida yake, lakini nakala ya kwanza isitupwe. Ndiyo inayobeba ushahidi wa saa ile.

Livingstone alifariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, kusini mwa Ziwa Bangweulu. Abdullah Susi, James Chuma, Jacob Wainwright na wenzao waliubeba mwili wake pamoja na maandishi yake hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Baadaye Susi na Chuma walikwenda Uingereza, wakamsaidia Horace Waller kuyaeleza mambo yaliyomo katika shajara zilipokuwa zikihaririwa ili zichapwe. Jina la Livingstone liko kwenye jalada. Lakini bila miguu na kumbukumbu za watu hao, tusingekuwa na cha kusoma kuhusu Mweru ya mwaka 1867.

Sasa tuingie katika kuandikwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 nchi hii ilitawaliwa na kampuni ya Kiingereza, British South Africa Company. Maofisa wa kampuni walitembea kijiji hadi kijiji na madaftari ya kodi. Jina likiingia daftarini, mwenye jina alidaiwa fedha, na vijana wengi walilazimika kwenda mbali kuitafuta kazi ya kulipia deni hilo. Kisha ugonjwa wa malale ukawa sababu ya kuwahamisha watu kutoka kingo za Luapula na mwambao wa Mweru. Hofu ya ugonjwa ilikuwa na msingi, kwa kuwa malale huua. Lakini watu waliondolewa kwenye maji yaliyowalisha, na uamuzi ulitolewa na wale walioshika daftari, si wale waliokuwa ndani yake. Ukisikia mzee akisita kutaja jina lake mbele ya mgeni mwenye karatasi, usimwite mjinga. Huenda anakumbuka historia ambayo mgeni hakuisoma.

Namna ya tatu ni kujiandikia. Mwata Kazembe wa 14, Chinyanta Nankula, pamoja na wazee wake, walikusanya mapokeo ya Walunda, yakachapwa mwaka 1951 kwa Kibemba kwa jina Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, maana yake ‘Wahenga Wangu na Watu Wangu’. Miaka kumi baadaye mwanaanthropolojia Ian Cunnison alitoa tafsiri yake ya Kiingereza. Zingatia mpangilio huo: wenyeji waliandika kwanza kwa lugha yao, kisha mgeni akatafsiri. Ni kinyume cha yaliyotokea kwa miaka 150 kabla yake.

Turudi kwenye kishikwambi. Kifaa hiki kina uwezo ambao daftari halikuwa nao. Kinaonyesha mahali mwandishi aliposimama kwa msaada wa satelaiti. Kinakataa jibu lisilowezekana, kama mtoto mwenye umri wa miaka 300. Zaidi ya hayo, kinaweza kufanya kazi pasipo mtandao. Programu ya ODK, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani mwaka 2008, ilibuniwa kwa mahitaji ya namna hiyo: unajaza fomu kisiwani ambako hakuna mawimbi ya simu, inahifadhiwa ndani ya kifaa, kisha unaituma utakapofika mahali penye mtandao. Kati ya kujaza na kutuma, hata hivyo, kuna safari ya majini. Kifaa kikizama kabla ya kutuma, siku nzima ya kazi imezama nacho. Ndiyo maana mfanyakazi mwangalifu huchaji betri kabla ya kuondoka, hukifunga kifaa ndani ya mfuko usioingia maji, hukiwekea nywila, na hutuma kazi kila apatapo nafasi.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana upesi, nayo inaihusu lugha. Livingstone aliandika Moero, sisi tunaandika Mweru. Aliandika Casembe, sisi tunaandika Kazembe. Binadamu anayesoma hutambua kwamba ni mahali pamoja. Mashine ya kutafutia, isipofundishwa, huona majina mawili tofauti.

Jambo hili si dogo katika Wilaya ya Nchelenge. Tangu mwaka 2017 maelfu ya wakimbizi walivuka kutoka Kongo wakikimbia mapigano, wakapokewa kwanza katika kituo cha Kenani. Mwaka 2018 yalifunguliwa makazi ya Mantapala wilayani humo. Wengi wa watu hao wanazungumza Kiswahili cha Kongo, ilhali majirani zao Wazambia wanazungumza Kibemba, na fomu za serikali huwa kwa Kiingereza. Sauti ambayo sisi tunaiandika ‘ch’, Wakongo wengi huiandika ‘tsh’ kwa kufuata mazoea ya Kibelgiji. Ndiyo maana jina la Moïse Tshombe, aliyeiongoza Katanga ilipojitenga mwaka 1960, hutamkwa Chombe. Sasa mfikirie mama ambaye jina lake limeandikwa kwa ‘tsh’ katika cheti alichokuja nacho, na kwa ‘ch’ katika kifaa cha mwandikishaji. Mpaka mtu aone kwamba majina hayo ni ya mama mmoja, huenda akaambiwa kwamba hayumo kwenye orodha. Orodha hiyo ndiyo inayompa chakula, matibabu na nafasi ya mtoto shuleni. Herufi mbili zaweza kumlaza mtu njaa.

Kwa sababu hiyo, sheria zimeanza kumlinda aliyeandikwa. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, Zambia mwaka 2021, na Tanzania ikatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Wazo la msingi linafanana: taarifa zako zikusanywe kwa sababu inayojulikana, zilindwe, nawe uwe na haki ya kuziona na kudai zisahihishwe zikiwa na makosa. Mlipakodi wa mwaka 1905 kwenye ukingo wa Mweru hakuwa na haki hiyo. Wewe unayo, lakini haki isiyodaiwa haimsaidii mwenyewe.

Basi, msomaji wangu, siku moja karani atasimama mlangoni pako na kishikwambi, au wewe mwenyewe utakuwa karani huyo. Ukiandikwa, uliza kitambulisho chake, uliza sababu ya maswali, na umwombe akusomee jina lako herufi kwa herufi kabla ya kubonyeza kitufe cha kuhifadhi. Ukiandika, msomee mwenzako ulichokiandika kwa lugha anayoielewa, na usimharakishe. Dakika hiyo moja ya kusoma kwa sauti haimo katika programu yoyote. Inategemea adabu yako na lugha unayojifunza sasa.

Maswali ya kujadili darasani:

1. Tunga sentensi tatu kuhusu jamii yako ukitumia kuandika, kuandikwa na kujiandikia. Ni ipi iliyokuwa ngumu zaidi kuitunga, na kwa nini?

2. Jina lako linaweza kuandikwa kwa njia ngapi? Chunguza vyeti vyako vyote uone kama vinakubaliana.

3. Mzee wa kijijini anakataa kuandikwa. Andika mazungumzo mafupi ambamo karani anamweleza kwa heshima, naye mzee anabaki na haki ya kuuliza.