Miaka ya Fuvu: Hofu Ilivyotumika Kupambana na UKIMWI

Septemba 1986, wakuu wa nchi zisizofungamana na upande wowote walikutana Harare. Fidel Castro alimvuta pembeni Yoweri Museveni, ambaye alikuwa na miezi saba tu madarakani, akampa habari asiyoitarajia. Uganda ilikuwa imepeleka wanajeshi 60 Cuba kwa mafunzo. Madaktari wa huko waliwapima, na 18 kati yao wakakutwa na virusi vya UKIMWI. Museveni alikuwa ameingia Kampala kwa mtutu wa bunduki, na serikali yake ilisimama juu ya jeshi hilo hilo. Kisa hiki amekisimulia mwenyewe mara nyingi, na hajawahi kuficha kwamba kilimtia hofu.

Ugonjwa wenyewe haukuwa mgeni. Kasensero, kijiji cha wavuvi katika wilaya ya Rakai ya wakati huo, kilianza kuzika vijana wake mwaka 1982. Mwaka uliofuata wagonjwa wa kwanza waligunduliwa upande wa pili wa mpaka, mkoani Kagera, Tanzania. Kabla ya kuwa na jina la kitaalamu, watu wa Kagera waliuita Juliana, kwa jina la nguo za mtindo zilizokuwa zikiingia kwa magendo kutoka Uganda. Waganda waliuita slimu, kwa sababu ulimkondesha mtu mpaka ndugu zake wakamsahau sura. Oktoba 1985 jarida la Lancet la Uingereza lilichapisha taarifa ya madaktari wa Uganda na wenzao, wakiwemo David Serwadda na Nelson Sewankambo, iliyouhusisha ugonjwa huo na kirusi kilichokuwa kimegunduliwa Ulaya na Marekani. Mei 1986, Ruhakana Rugunda, waziri wa afya, alisimama Geneva mbele ya mkutano wa afya wa dunia akasema wazi kwamba nchi yake ina UKIMWI. Serikali nyingi za Afrika wakati huo zilikuwa zinanyamaza. Kenya ilikuwa na hoteli za pwani za kuzifikiria, na ni Novemba 1999 ndipo Rais Daniel arap Moi alipoutangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa.

Museveni alirudi kutoka Harare akaanza kuzunguka vijijini. Mfano aliopenda kuutumia ni wa simba: simba akiingia kijijini, hakuna anayenong'ona, mtu hupiga yowe majirani watoke. Na yowe lilipigwa kweli. Redio Uganda ilirusha matangazo yaliyoanza kwa ngoma iliyopigwa polepole, kisha sauti nzito ya mzee ikitaja kifo. Kwenye kuta za zahanati na shule zikapachikwa picha za mafuvu na majeneza.

Wazungu nao walikuwa wanatishana. Mapema mwaka 1987 serikali ya Uingereza ilipeleka kipeperushi katika kila nyumba nchini humo, na televisheni ikaonyesha jiwe la kaburi likichongwa huku sauti ya mwigizaji John Hurt ikionya. Australia mwaka huo huo ilimtoa Kifo mwenyewe, amevaa joho, akivurumisha mpira wa boulingi na kuwaangusha watu, mama na mtoto wake wakiwemo. Wabunifu wa matangazo hayo waliamini jambo moja rahisi: mtu akiogopa vya kutosha, atabadilika.

Tanzania ilirithi imani hiyo pamoja na michoro yake. Waliosoma shule mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanalikumbuka fuvu lenye mifupa miwili iliyopishana, lile lile tulilolizoea kwenye chupa za sumu ya panya na milango ya transfoma. Chini yake: UKIMWI unaua. Au: UKIMWI hauna dawa. Hakuna uongo hapo, kwa wakati ule. Ila ukilisoma bango lile mpaka mwisho, unabaki umesimama pale pale. Unaua, haya, nimekusikia, sasa nifanye nini? Kondomu zilikuwa adimu na zilionewa aibu. Pa kupima hapakuwepo, isipokuwa hospitali chache, na hata ukipima ukakutwa nao, mganga hakuwa na cha kukupa zaidi ya pole.

Jibu la mtaani lilikuja kwa mzaha. Vijana walizichukua herufi za jina la Kiingereza la ugonjwa huo, A, I, D, S, wakazifungua upya: Acha Iniue, Dogedoge Siachi. Dogedoge ni wasichana wabichi. Mzaha huo ulisambaa nchi nzima bila gazeti wala redio kuuhitaji. Aliyeupata ugonjwa aliambiwa amekanyaga miwaya, au ana ngoma. Wahubiri na maofisa wa afya waliusikia wakasikitika kwamba vijana ni wakaidi, hawaogopi kufa. Mimi nadhani walikosea kuusoma. Asiyeogopa kitu hahangaiki kukitungia vichekesho. Vijana wale waliogopa sana, na kwa kuwa hawakupewa mlango wa kutokea, walijitengenezea wao.

Jambo hili wanasaikolojia walikuwa wameshalionja miaka mingi kabla ya fuvu la kwanza kubandikwa. Mwaka 1953 Irving Janis na Seymour Feshbach waliwapa wanafunzi wa sekondari Marekani mihadhara kuhusu kuoza kwa meno. Kundi moja lilitishwa kidogo, jingine wastani, jingine likaonyeshwa fizi zilizooza na kuelezwa maumivu ya kutisha. Kundi hilo la mwisho ndilo lililokiri kuingiwa na wasiwasi mkubwa kuliko yote, na ndilo lililobadilika kidogo kuliko yote.

Linalonivutia zaidi ni jaribio la mwaka 1965, kwa sababu lilihusu pepopunda, ugonjwa ambao bibi zetu walijua unavyoua kichanga. Howard Leventhal na wenzake waliwagawia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale vijitabu. Baadhi vilikuwa na picha na maelezo ya kutisha, vingine vilieleza kwa upole. Waliosoma vile vya kutisha walisema wameshawishika kabisa, watakwenda kuchanjwa. Walipohesabiwa katika zahanati ya chuo, waliofika walikuwa asilimia 3 tu. Kisha watafiti wakaongeza karatasi moja: ramani ya chuo, jengo la zahanati limezungushiwa duara, na saa za kuchanja zimeandikwa. Waliofika wakawa asilimia 28, na hapo kijitabu cha kutisha na cha upole havikuzidiana kitu. Hawa walikuwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, zahanati wanaijua tangu walipofika chuoni. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia: hapa, saa hizi.

Mwaka 1992 mtafiti Kim Witte aliyakusanya matokeo ya aina hiyo akayaundia nadharia. Mtu anaposikia tishio, anasema Witte, anajiuliza maswali mawili, mara nyingi bila mwenyewe kutambua. La kwanza: hatari hii ni kubwa, na inanihusu? La pili: kuna kinga inayofanya kazi, na mimi nitaiweza? Akijibu ndiyo mara mbili, anapambana na hatari. Akijibu ndiyo kwa la kwanza na hapana kwa la pili, anapambana na hofu yenyewe: anakataa, anacheka, anamtukana aliyemletea habari, anasema ni njama ya wazungu kupunguza watu. Dogedoge Siachi ikapata maelezo yake.

Witte na wenzake walikwenda kuyatazama mabango na vipeperushi kando ya barabara kuu inayotoka Mombasa kuelekea Uganda, wakazungumza na madereva wa malori, utingo wao, vijana wa vituoni na wanawake wanaouza miili. Taarifa yao ilitoka mwaka 1998. Upande wa tishio, sehemu kubwa ya kazi ilikuwa imefanyika. Upungufu ulikuwa kwenye swali la pili. Yeyote aliyewahi kulala gesti ya Mariakani au Malaba angewaambia hivyo bila utafiti. Mwanamke anayedaiwa kodi ya chumba Jumamosi, mteja akiongeza dau ili asivae kondomu, bango la fuvu linamsaidia nini? Hatari anaijua kuliko aliyelichora.

Pale Tanzania, mwaka 1993, Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati. Mhusika wake mashuhuri alikuwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo. Wasikilizaji walimfuata wiki baada ya wiki, wakacheka naye, wakamlaani, mpaka UKIMWI ulipomfika. Kifo hicho kilitisha kuliko fuvu lolote, kwa kuwa Mkwaju alikuwa mtu wanayemjua, sauti yake imezoeleka jikoni na kwa vinyozi. Lakini mchezo haukuishia kwake. Mkewe, Tunu, alikataa kufa naye, akaanza biashara yake ndogo, akasimama. Wahusika wengine walibabaika katikati, wakaanguka, wakajirekebisha. Msikilizaji alikuwa na wa kumwogopa na wa kumfuata, katika nusu saa ile ile.

Bahati nzuri kuna kipimo. Kuanzia 1993 hadi 1995 mitambo ya Dodoma haikurusha mchezo huo, ikaweka vipindi vingine. Watafiti wakalinganisha. Mikoa iliyousikiliza ilionyesha watu wengi zaidi wakisema wamepunguza wapenzi na wameanza kutumia kondomu, kuliko Dodoma. Baada ya Dodoma nayo kufunguliwa mchezo, mwelekeo ukawa huo huo. Takwimu za watu kujisemea zina walakini wake, najua, maana nani anamwambia mgeni mwenye daftari ukweli wote wa kitandani? Hata hivyo majaribio machache ya redio Afrika yamefanywa kwa umakini wa namna hiyo.

Turudi Uganda, kwa sababu hapo ndipo wanaosema hofu haifai kamwe wanapokwama. Kampala, karibu asilimia 30 ya wajawazito waliopimwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa na virusi. Muongo mmoja baadaye ilikuwa karibu asilimia 10. Sehemu ya upungufu huo ni makaburi, na anayeusifu mfano wa Uganda asilisahau hilo. Sehemu nyingine ni watu kupunguza wapenzi. Edward Green na Witte waliandika mwaka 2006 kwamba ngoma ile ya redio na mafuvu yale yana mchango wao, na kwamba wafadhili waliokuja baadaye wakidai ujumbe uwe wa kufurahisha tu walikuwa wanatupa silaha iliyofanya kazi. Makala yao iliudhi wengi.

Naona wana haki nusu. Ngoma ya Uganda haikupigwa peke yake. Iliambatana na kauli iliyotoka kwa wafugaji, kwamba ng'ombe afungiwe zizini asitangetange kwa jirani: agizo ambalo mtu wa kijijini angeweza kulitekeleza siku hiyo hiyo, bila kununua chochote. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba, aliyefiwa na mumewe kwa UKIMWI Januari ya mwaka huo, alianzisha shirika la TASO pamoja na wenzake ili wagonjwa wapate wa kuwasikiliza. Mwaka 1990 Kampala ikapata kituo cha kupima kwa hiari na kwa siri. Vikao vya mitaa vilijadili ugonjwa huo mara kwa mara. Aliyetishwa alikuwa na pa kwenda.

Na alikuwepo Philly Bongoley Lutaaya. Mwanamuziki huyo aliyekuwa akiishi Sweden alitangaza hadharani Aprili 1989 kwamba ana UKIMWI. Wengi hawakumwamini. Alikuwa bado na mwili, anavaa vizuri, ikasemwa amelipwa. Akaendelea kuzunguka shuleni na makanisani, akiimba juu ya upweke na hofu ya mgonjwa, huku watu wakimwona anavyopungua. Alifariki Desemba 15 mwaka huo huo. Hakuna bango lililowahi kuchorwa ambalo lingeweza kushindana na miezi ile minane, na tofauti yake kubwa na fuvu ni kwamba Lutaaya alikuwa na uso. Fuvu ni la yeyote, na hofu iliyokosa uso hutafuta wa kumwangukia.

Iliwaangukia wagonjwa. Kikombe cha mgonjwa kikatengwa, sahani yake ikawekwa kando, shuka likachomwa. Mjane akafukuzwa na wifi zake kwa kuwa ndiye aliyemmaliza kaka yao. Kampeni zilikuwa zimesema kwa miaka kwamba UKIMWI ni kifo na kwamba huwapata malaya na wahuni. Familia ikifanya hesabu, aliyelala chumba cha uani ni maiti na mhuni kwa pamoja. Elimu kwamba virusi haviambukizi kwa kikombe ilitolewa, lakini ilitolewa chini ya picha ya fuvu, na jicho huliona fuvu kwanza.

Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure katika hospitali za Tanzania mwaka 2004, ujumbe ulipaswa kugeuka ghafla: ugonjwa uliokuwa kifo sasa ni kidonge cha kila siku. Julai 14, 2007, Rais Jakaya Kikwete na mkewe Salma walipima hadharani viwanja vya Mnazi Mmoja kuzindua kampeni ya kitaifa, chini ya kaulimbiu ya kwamba Tanzania bila UKIMWI inawezekana. Mwaka 2019 sheria ikarekebishwa, mtu akaruhusiwa kujipima mwenyewe, na umri wa kupima bila idhini ya mzazi ukashushwa hadi miaka 15. Siku hizi wahudumu wanafundisha kwamba anayemeza dawa vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake. Ni habari njema kuliko zote zilizowahi kutolewa kuhusu ugonjwa huu, na inatembea polepole kuliko zote.

Ulizia katika kituo chochote cha tiba na matunzo, CTC, utaambiwa kuhusu wagonjwa wanaotoka mbali. Mtu ana CTC mtaani kwake, anaipita na daladala, anakwenda kuchukua dawa upande wa pili wa jiji ambako hakuna jirani wa kumwona kwenye benchi. Nauli inapokosekana, dozi inakatika, na virusi vinarudi kuonekana. Ndiyo maana wagonjwa waliotulia hupewa dawa za miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Mpango huo ulikusudiwa kupunguza foleni. Kwa wengi wa wale wa kwenye daladala, faida yake ya kwanza ni kwamba wanaonekana pale mara nne au mbili kwa mwaka badala ya mara kumi na mbili.